Wimbo Usiopigiwa Makofi

Bernice Malek alikuwa na miaka themanini na mmoja, na kwa miaka hamsini na minane kati ya hiyo aliishi akijua kwamba aliwahi kuua wimbo. Msicheke. Wako watu waliofanya makubwa zaidi ya hayo na wanalala fofofo, lakini Bernice hakujaliwa usingizi wa namna hiyo. Alikaa Woodside, Queens, huko New York, ghorofa ya tatu, mbele ya reli ya juu, na kila treni namba saba ilipopita vikombe vililia kabatini, naye akaitukana bila kuacha alichokuwa akifanya.

Miaka thelathini na minne aliuza sidiria. Duka lilikuwa Manhattan, mitaa ya chini upande wa mashariki, mali ya mama mmoja mkali aliyepiga marufuku utepe wa kupimia. Pale mteja alipimwa kwa macho. Mwanamke anaingia na koti lake la baridi, unamtazama mara moja, unamtajia saizi yake. Anabisha, anaapa kwamba tangu aolewe anavaa nyingine, anaingia nyuma ya pazia, anatoka kimya na kulipa. Bernice alikuwa hakosei, na ulimi wake haukuwa na breki. Kuna bibi mmoja tajiri ambaye Bernice alimwambia mbele za watu kwamba ile aliyoivaa bila shaka ni ya dada yake. Bibi alinuna, akaondoka, na wiki iliyofuata akarudi pamoja na dada mwenyewe.

Ila kabla ya sidiria alikuwa mwimbaji, na hilo watu wachache walilijua. Mumewe Walt, dereva wa basi, Mungu amrehemu, alilijua na alikatazwa kulitaja. Estelle Roth, mwenzake wa dukani na shoga yake mpaka leo, alilijua kwa sababu siku ya sherehe ya kustaafu Bernice alikunywa glasi tatu za mvinyo mtamu akalimwaga lote. Kesho yake alikana. Estelle akajifanya hamnazo, lakini hakusahau hata neno.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka wa sitini na tano kulitungwa mchezo wa nyimbo ulioitwa *Mfereji*, habari za watu wa mashua zilizokuwa zikivutwa na nyumbu zamani kule kaskazini mwa jimbo la New York. Muziki na maneno yote yalitungwa na Morty Fesler, kijana wa Bronx, mwembamba, mwenye shati lililojaa wino. Bernice, miaka ishirini na mitatu, alipata nafasi ndogo ya msichana anayeuza mikate ya matufaha kando ya mfereji. Alikuwa na wimbo mmoja tu, sehemu ya pili, unaoitwa "Ukipita Tena Huku". Msichana anamwimbia kijana wa mashua ambaye ameshaondoka na hatarudi.

Sasa, watu wa Broadway, mtaa wa michezo ya nyimbo kule New York, wana kitu chao. Wimbo haumaliziki hivihivi. Mwimbaji anapanda juu, anashikilia sauti, halafu ngoma na tarumbeta zinapiga pamoja, pa! Hicho kishindo ndicho kinachowaambia watu: haya, sasa pigeni makofi. Na wimbo wa Morty ulikuwa nacho. Lakini Bernice alikuwa anasoma uigizaji kwa mwalimu mmoja aliyechukia makofi kuliko njaa, aliyewafundisha kwamba mwigizaji anayetafuta makofi ni ombaomba aliyevaa vizuri. Bernice alikuwa ameyameza maneno hayo mazimamazima. Basi siku ya mazoezi alimfuata Morty kwenye piano akamwambia kile kishindo ni uongo. Msichana ameachwa peke yake kando ya maji, nani anampigia ngoma? Amalize sentensi yake kwa sauti ya chini, achukue kikapu, aingie ndani, basi.

Morty alitafuna penseli yake nyekundu. Kisha akakikata kile kishindo kwa mistari miwili myekundu.

Bernice hakupewa zawadi nyingi maishani, na hiyo ilikuwa moja, kwamba mtu mwenye kipaji kama kile alimsikiliza yeye. Aliitunza. Hata aibu ilipomlia kila kitu kingine, alibaki akijiambia kwamba angalau ule mwisho ulikuwa wake, na ulikuwa mzuri.

Mchezo ulipelekwa Filadelfia kwa wiki mbili, kama desturi, ujaribiwe kwa watu wa huko kabla ya kuletwa New York. Usiku wa kwanza Bernice aliimba, akamaliza kwa sauti ya chini, akachukua kikapu, akaingia ndani. Kimya. Hakuna aliyepiga kofi. Alisimama nyuma ya pazia na kikapu chake akisubiri, akadhani labda wamezidiwa na huzuni, labda yanakuja. Mtu mmoja alikohoa. Kisha akaingia yule mchekeshaji na nyumbu wake, watu wakaangua kicheko, na mambo yakaendelea.

Asubuhi karatasi ilibandikwa karibu na mlango wa nyuma. Wimbo umekatwa, na msichana wa mikate naye. Bernice alimkimbilia mwenye mchezo kwenye korido kumuuliza kulikoni, naye alikuwa anakula, hata hakuacha kutafuna. Alimwambia, "Sauti yako haikuvuka safu ya tano, binti. Pole." Haya ndiyo maneno aliyoyabeba. Alipanda treni mchana uleule bila kumuaga Morty, na tangu siku ile hakuimba tena, si kanisani, si bafuni, si kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto wa mtu.

*Mfereji* ulifika New York ukaonyeshwa mara tatu, ukafungwa. Morty hakuandika mchezo mwingine. Alihamia Yonkers kufundisha watoto piano. Bernice alimwona mara mbili katika miaka yote ile. Mara ya kwanza alivuka barabara. Mara ya pili ilikuwa wakati wa Krismasi, kwenye duka kubwa, na Bernice, mwanamke mzima mwenye mume, alijificha kati ya makoti ya wanaume yaliyoning'inizwa mpaka Morty akapita. Alikuwa amezeeka, amebeba mfuko mdogo, na alitazama huku na huku kama mtu aliyedhani ameona anayemfahamu. Mwaka wa tisini na moja Bernice alisoma gazetini kwamba amefariki na atazikwa hukohuko Yonkers. Mazishini hakwenda. Angekwenda na uso gani? Yeye ndiye aliyemharibia wimbo wake.

Estelle ndiye aliyeleta kipeperushi. Alikikuta duka la dawa. Onyesho la nyimbo kutoka michezo ya Broadway iliyosahauliwa, Ijumaa usiku na Jumapili saa tisa alasiri, wazee nusu bei. Chini, kwa herufi ndogo, ilikuwepo orodha ya michezo kumi na mitano, na wa kumi na mbili ulikuwa *Mfereji*. Bernice alivaa miwani, akasoma, akavua, akamuuliza Estelle kama hana kazi za kufanya nyumbani kwake.

Siku nne alisema haendi. Siku ya tano alimpigia Estelle saa moja asubuhi kumwambia kwamba wataimba wimbo wake. Jana yake alipiga simu kule ukumbini akajifanya anaulizia vyoo, na kijana aliyepokea akamsomea orodha nzima.

"Basi twende," Estelle alisema.

"Wewe hujui unachosema. Wakipiga makofi, ina maana wimbo ulikuwa mzima na mimi ndiye niliyeuua. Wasipopiga, ina maana wimbo ulikuwa mbovu tangu mwanzo, na Morty masikini wa Mungu alikuwa hajui kutunga. Sasa niombe lipi?"

Estelle alisema atanunua tiketi za Jumapili.

Siku hiyo theluji ilikuwa imeyeyuka njia nzima ikawa uji mweusi. Bernice alivaa koti lake zuri la kijivu na viatu visivyofaa kwa hali ile. Ukumbi ulikuwa wa zamani, upande wa magharibi, viti vyekundu vimechakaa mpaka nyuzi zinaonekana. Watu kama mia tatu hivi, wengi wazee, wanaume wawili wawili waliovaa sweta za rangi, wajane wenye lipustiki, kila mtu anamjua kila mtu. Walisalimiana kwa kubishana. Mmoja akisema mchezo fulani ulifungwa Machi, mwingine anamkatiza, Aprili, bwana, usitupotoshe, ilikuwa Aprili na mvua ilinyesha.

Kiti cha jirani kilikaliwa na mzee mmoja mwenye mfuko wa plastiki uliojaa programu za zamani, vile vijitabu vya maonyesho. Kabla hajakaa vizuri alikuwa ameshawaambia kwamba hajakosa onyesho hata moja tangu maonyesho haya yaanzishwe, na kwamba kati ya michezo ya leo ameiona kumi na moja kwa macho yake. Bernice akamuuliza kuhusu *Mfereji*.

"Nilikuwepo usiku wa pili," mzee alisema.

"Ulikuwaje?"

Mzee alifikiri kwa haki kabisa. "Nyumbu alikuwa hodari."

Estelle alicheka mpaka akajifunika mdomo. Bernice alitazama mbele.

Onyesho lilikwenda hivi: piano moja, wapiga ala saba, waimbaji wanaopokezana wakiwa na mafaili meusi mkononi. Kabla ya kila wimbo mshereheshaji alieleza mchezo ulihusu nini na ulikufa vipi. Na hapo ndipo Bernice alipoona kitu ambacho hakukitarajia. Mshereheshaji akitaja jina tu, watu wanapiga kelele kutoka vitini idadi ya maonyesho yaliyofanyika kabla ya kufungwa. "Tisa!" "Ishirini na mbili!" "Moja!" Kwa ile moja walishangilia kama vile timu yao imefunga bao. Walivijua vifo vyote kwa moyo. Waliipenda michezo ile, hilo lilikuwa wazi, lakini waliipenda ikiwa imekufa.

Walicheka kwa machozi kwenye wimbo wa majokofu yanayocheza dansi. Wengine waliusindikiza kwa midomo, neno kwa neno, macho wameyafumba. Kisha mwigizaji mmoja bibi kizee, mwenye miaka tisini na zaidi, alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu aimbe wimbo wa mchezo wake uliodumu usiku mmoja. Watu walisimama hata kabla hajafungua mdomo. Katikati ya ubeti wa pili maneno yalimtoka kichwani. Alinyamaza, akatazama chini, na piano ikaanza kuzungukazunguka palepale. Ndipo maneno yakaja kutoka vitini, kwanza sauti moja, kisha kumi, kisha ukumbi mzima, polepole, wakimsubiri. Bibi akayachukua akamaliza. Yule mzee wa mfuko alikuwa analia waziwazi, na Estelle naye, na Bernice alijikaza akawaza kwamba pengine hawa si watu wabaya.

"*Mfereji*," mshereheshaji alisema.

"Tatu!" watu walijibu, wakacheka. Kicheko hicho kilimwingia Bernice mpaka kwenye mifupa. Alishika mkono wa Estelle, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata Walt alipozikwa.

Aliyetoka kuimba alikuwa msichana mwembamba aitwaye Corinne, gauni la kijani, faili jeusi. Mshereheshaji alisema wimbo huu haukuwahi kufika New York, ulikatwa Filadelfia baada ya usiku mmoja. Bernice alimpima yule binti kwa jicho kama alivyopima wanawake miaka thelathini na minne. Kisha binti alianza kuimba, Bernice akaipima na sauti yake. Ilikuwa nzuri, safi, si kubwa. Alisikiliza ubeti wa kwanza wote akitafuta mahali ambapo sauti ile iliizidi yake, na hakupaona. Walikuwa saizi moja. Alijua kama anavyojua jina lake, na jambo hilo lilimtia hofu zaidi ya kitu chochote, kwa sababu sasa hakukuwa na pa kujificha, hata nyuma ya udogo wa sauti.

Wimbo ulikuwa mzuri. Alikuwa amesahau. Lo, jinsi ulivyokuwa mzuri, jinsi Morty alivyoufanya uende chini mahali ambapo unatarajia uende juu. Ukumbi ulikuwa umetulia. Binti alifika kwenye sentensi ya mwisho, na Bernice akashusha pumzi, akajiandaa kwa ule mwisho wake, sauti ya chini, kikapu, mlango.

Corinne alipanda juu. Aliishikilia sauti, akainua mkono, na ngoma na tarumbeta zikapiga kishindo.

Ukumbi ulilipuka. Watu mia tatu walisimama, wengine wakipiga miluzi ya vidole, mzee wa mfuko akigonga sakafu kwa mguu na kupaza sauti kwamba ni wizi, wizi mtupu, kutunyima wimbo huu miaka sitini. Estelle alisimama pia kisha akaketi haraka alipoona uso wa shoga yake. Bernice hakusimama wala hakupiga kofi. Jibu lilikuwa limekuja. Wimbo ulikuwa mzima. Yeye ndiye aliyeuua. Alilisikia jibu hilo, akalielewa, na lilimuuma mahali ambapo hakujua bado pana nafasi ya kuuma.

Lakini binadamu ni binadamu, na maumivu ya namna hiyo hayashikiki kwa mikono mitupu. Kabla makofi hayajaisha, Bernice alikuwa ameshapata kitu cha kushika, nacho ni hasira. Wameuharibu mwisho. Nani aliwaruhusu? Morty alikikata kile kishindo kwa mkono wake, mbele yake, na hawa watu wamekirudisha kama wezi. Zile nyimbo tatu zilizobaki hakuzisikia. Alikuwa anapanga maneno.

Onyesho lilipokwisha, watu wote walimiminika kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni, na hakuna aliyetoka nje. Ndivyo walivyo hao. Wanakunywa kahawa kwenye vikombe vya karatasi na kubishana mpaka wafagiaji wawafukuze. Kiongozi wa muziki, Nolan Prewitt, mwanamume wa makamo mwenye miwani kichwani, alisimama karibu na ngazi akipeana mikono. Estelle alimvuta Bernice kwa mkono wa koti akimwomba waende zao, wewe shoga una presha, utaniangukia hapa. Bernice alijichomoa.

Alimwambia Nolan kwamba amekuja kumgombeza. Alisema ule wimbo wa *Mfereji* ulikuwa na mwisho wa kimya, mwenyewe mtungaji aliamua hivyo, na kwamba kumwekea maiti maneno ambayo hakuyasema ni utovu wa adabu. Alisema yote kwa sauti yake ya dukani, na watu waliokuwa karibu wakageuka kutazama.

Nolan hakukasirika. Kinyume chake, alifurahi, kama wanavyofurahi watu hao wakikutana na mtu anayejua.

"Mama, unasema kweli kabisa," alisema. "Na ninauheshimu uamuzi wake. Ndiyo maana Ijumaa tuliuimba hivyohivyo. Kimya. Binti huyuhuyu, sauti hiihii."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Alimaliza, akasimama pale, watu wakamtazama. Hawakujua kama umekwisha. Mtu akakohoa. Sikupata kuona wimbo mzuri ukifa vile. Binti wa watu alikwenda nyuma akalia, anasema sauti yake haitoshi."

Bernice akauliza, kwa sauti ndogo mno, "Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ukweli. Si sauti. Sauti haina kosa lolote. Mtu hapigi makofi kama hujamwonyesha mahali pa kupiga, basi. Nikarudisha kishindo, na leo umeona mwenyewe."

Alilisema kirahisi, jambo la kawaida la kazi, la dakika moja. Mtu yeyote wa kazi ile angeweza kumwambia Bernice vilevile kwenye korido ile Filadelfia, na hakuna aliyemwambia. Alikuwa amesimama na koti lake la kijivu akihesabu, Walt, duka, makanisa aliyokaa mdomo umefungwa wengine wakiimba. Sauti yake haikuwa na kosa. Na ule mwisho mzuri, kitu pekee alichojivunia, ndio uliouua wimbo.

Nolan alikuwa bado anazungumza. Alikuwa amefungua faili lake. Mpwa wa marehemu aliwapa karatasi zote, alisema, zilikuwa kwenye sanduku chini ya piano, na kuna kitu hapa mama atapenda kukiona, kwa kuwa ni mtu anayejali. Alimwonyesha ukurasa wa mwisho wa wimbo. Mistari miwili myekundu ilikuwa palepale. Chini yake, kwa penseli, kwa ule mwandiko mdogo wa kulala upande, palikuwa na tarehe, siku tatu baada ya Bernice kupanda treni, na maneno machache.

*Wanasema nikirudisha kishindo wimbo utarudishwa, watatafuta msichana mwingine. Nimekataa. B. yuko sahihi.*

Aliyasoma mara mbili. Macho yake bado yalikuwa mazuri.

"Unaona?" Nolan alisema. "Walimpa nafasi ya kuuokoa akakataa. Na mpwa wake anasema mpaka anakufa akiulizwa alijibu hivyohivyo, kwamba hajuti. Sijui huyo B. alikuwa nani. Mungu anisamehe, lakini ningemkuta ningemtia kofi. Wimbo huu ungekuwa unaimbwa kwenye harusi leo. Na yule bwana asingeishia kufundisha watoto wa Yonkers." Alimtazama, akaona kitu usoni mwake. "Mama, wewe ulimfahamu Fesler?"

"Kidogo."

"Na huyo B.?"

Estelle, aliyekuwa nyuma yake na amesikia yote, alimshika Bernice mkono wa koti. Bernice alimrudishia Nolan ule ukurasa kwa mikono miwili, kwa uangalifu, ili usikunjike.

"Hakuwa sahihi," alisema.

Nolan alitikisa kichwa kukubali. Aliombwa na mtu mwingine asaini programu, akageuka. Bernice alimwomba radhi mgongoni kwa kumgombeza, ingawa sidhani kama alisikia, kisha akajipenyeza katikati ya watu wale waliokuwa wanabishana kama ilikuwa Machi au Aprili, akatoka nje.

Nje kulikuwa kumeshaingia giza, upepo unatoka mtoni. Estelle alimkuta amesimama pembeni mwa ngazi, viatu ndani ya uji wa theluji, hana habari. Alimfunga skafu. Akasema kile kilichokuwa karibu, kwamba si basi, ameambiwa sasa, sauti yake haikuwa na kosa, si ndicho alichotaka kukisikia miaka yote hii?

"Ndicho," Bernice alisema.

Basi likapita wasipande. Lingine likaja, nalo likapita. Bernice alikuwa analia bila kujifuta, bila sauti, na Estelle, ambaye katika miaka arobaini hakuwahi kuliona jambo hilo, alibaki anampapasa mgongo.

"Morty alikuwa upande wangu," Bernice alisema. "Krismasi ile, dukani, alikuwa ananitafuta. Mimi nimejificha kwenye makoti."

"Hukujua, shoga."

"Makaburi ya Yonkers yanafungwa saa ngapi Jumapili?"

Estelle alivua glovu kwa meno, akatoa simu, akatafuta kwa kidole kilichokufa ganzi. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Akamwambia yamefungwa tangu saa kumi na nusu.